Naomba ushauri: mfumo endeshi upi wa chanzo huria unafaa kompyuta za steshenari yangu hapa Tanga?

Mwenye Steshenari, Ngamiani

Assalaam alaykum wakubwa kwa wadogo, na habari za kutwa kwenu nyote.

Nina steshenari ndogo hapa Ngamiani. Kazi zetu za kila siku ni kuchapa na kutoa nakala, kupanga mitihani ya shule za jirani, kuandika barua na mikataba ya kupangisha nyumba, na kuwasaidia wateja kujaza maombi ya mtandaoni ya mikopo ya elimu ya juu, ajira na usajili wa majina ya biashara. Nina kompyuta tatu. Moja ni laptopu yenye prosesa ya Core i3 ya kizazi cha nne, RAM ya GB 4 na diski ya GB 500. Mbili ni za mezani, za Core 2 Duo, zenye RAM ya GB 2 kila moja, na nilizinunua zikiwa zimeshatumika. Zote zinatumia Windows 10, ambayo huduma yake ya kawaida ilifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, na nilipouliza kuhusu Windows 11 niliambiwa kwamba hakuna hata moja kati ya mashine zangu inayotimiza masharti yake.

Lakini si hilo peke yake linalonisukuma kuandika. Flashi za wateja huingia hapa kuanzia asubuhi hadi tunapofunga, na nyingi huja na virusi. Mwaka jana nilimwita fundi mara tatu aje kupiga Windows upya, na mara ya tatu alifuta diski nzima bila kuniuliza, tukapoteza mitihani ya muhula ya shule mbili ambayo walimu walikuwa wameshailipia. Mimi na wasichana wawili wanaonisaidia tulikesha siku mbili tukiichapa tena kutoka kwenye karatasi za rasimu, na mwalimu mmoja hajarudi kwangu hadi leo.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za Linux, na kila ninavyozidi kusoma ndivyo ninavyozidi kupotea, kwa kuwa majina ni mengi (Ubuntu, Mint, Debian, Fedora, Zorin) na kila moja lina watu wanaoapa kwamba ndilo bora. Sitafuti kilicho bora duniani. Natafuta mfumo ambao nikiuweka utafanya kazi hizi nilizozitaja kwa miaka kadhaa bila kunisumbua, na ambao wasichana wangu wataweza kuuzoea. Wasiwasi wangu mkubwa ni mitihani iliyoandikwa kwa Word, kwa maana walimu hawatakubali jedwali lililovurugika. Halafu printa yangu ya leza. Halafu bando, kwa sababu intaneti yangu ni ya simu na kila GB ninailipia. Nitashukuru kwa majibu ya watu waliowahi kufanya jambo hili, si waliolisikia.

Fundi wa Chumbageni

Waalaykumu salaam dada. Pole sana kwa mitihani. Mimi hutengeneza kompyuta hapa mjini, na nimeshawawekea Linux wateja kadhaa, baadhi yao wakiwa na steshenari kama wewe, kwa hiyo nitasema niliyoyaona kwa macho yangu.

Kwanza uliyoambiwa kuhusu Windows 11 ni kweli. Inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na kwa upande wa Intel orodha ya prosesa zinazokubalika huanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha nane. Laptopu yako ni ya kizazi cha nne, na zile za mezani ni za zamani zaidi. Zipo njia za kulazimisha, lakini siwezi kumshauri mtu anayetegemea mashine kwa riziki yake azifuate.

Sasa kuhusu wingi wa majina. Linux yenyewe ni kiini tu cha mfumo, kazi iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Kiini peke yake hakiwezi kuandika hata barua moja. Makundi mbalimbali ya wataalamu hukichukua, wakakiunganisha na maelfu ya programu nyingine huria, wakatoa mfumo kamili wenye jina lao, na kwa kuwa leseni inaruhusu kila mtu kuchukua, kubadili na kugawa, wengine nao hujenga juu ya kazi ya wale waliotangulia. Debian ilianza mwaka 1993. Juu ya Debian ilijengwa Ubuntu mwaka 2004, na kampuni ya Canonical ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu «utu». Juu ya Ubuntu ikajengwa Linux Mint mwaka 2006. Kwa hiyo majina matatu kati ya hayo uliyoyataja ni babu, baba na mwana, na Zorin nayo imejengwa juu ya Ubuntu hiyohiyo. Ukishajifunza mmoja hutakuwa mgeni kwa mwingine. Fedora ni ya ukoo mwingine. Ni mfumo mzuri, lakini hutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita hivi na kila toleo huhudumiwa kwa takriban miezi 13 tu, jambo ambalo kwa mtu wa bando ni mzigo.

Ushauri wangu ni Linux Mint toleo la 22, ile yenye eneokazi (yaani mandhari ya menyu na madirisha) liitwalo Xfce. Inahudumiwa hadi mwaka 2029, ni nyepesi, na menyu yake imekaa chini upande wa kushoto, pale ambapo wasichana wako wamezoea kubofya. Kinachonipendeza zaidi ni kwamba hailazimishi masasisho. Inakuonyesha yaliyopo na ukubwa wake, nawe unaamua uyapakue lini.

Ila usitarajie muujiza kwa zile za mezani. Mint itawaka kwenye GB 2, lakini ukifungua Firefox yenye ukurasa wa maombi, pamoja na WhatsApp Web na waraka mmoja, mashine itaanza kuhema. Kwa kompyuta hizo mbili nunua kwanza RAM, zifike angalau GB 4, na umpelekee muuzaji kipande kilichomo ndani akione, kwa sababu mashine za rika hilo nyingine hutumia DDR2 na nyingine DDR3, nazo haziingiliani. Kwa laptopu, ambayo tayari ina GB 4, fedha ya kwanza iende kwenye SSD, ile diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka. Ya GB 240 itakutosha kabisa, na tofauti utaiona siku hiyohiyo utakapoiwasha.

Kabla ya kufuta chochote, jaribu. Tafuta flashi ya GB 8, upakue faili la ISO la Mint, yaani faili moja lenye mfumo mzima, ambalo ni karibu GB 3 (mimi hupakua usiku kwa bando la usiku, au huenda kwa rafiki mwenye Wi-Fi), kisha ulinganishe alama yake ya SHA256 (mfuatano wa herufi na tarakimu unaotambulisha faili) na ile iliyoandikwa kwenye tovuti ya Mint, kwa sababu intaneti inayokatika huweza kuleta faili bovu. Ukiwa bado ndani ya Windows, programu ya Rufus italiandika faili hilo kwenye flashi. Baada ya hapo washa kompyuta huku ukibonyeza F12, au F9, au Esc, kutegemea aina ya mashine, uchague flashi, na mfumo mzima utafunguka bila kugusa diski yako. Usiupimie kasi hapo, maana flashi ni nzito. Pima kama Wi-Fi inaonekana, kama sauti inatoka, na hasa kama printa inachapa. Printa nyingi za HP hushughulikiwa na programu ya HPLIP, na za siku hizi zinazounganishwa kwa mtandao mara nyingi hukubali bila dereva (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa) yoyote, lakini zipo leza ndogo za bei nafuu zinazotaka dereva maalumu, na hizo ndizo hukwamisha watu.

Nakala za faili zako ziweke mahali pawili kabla ya siku ya kusakinisha. Fundi yeyote atakayekuambia haina haja, usimpe kazi hiyo.

Mwalimu Mstaafu, Raskazone

Mwanangu, nimesoma swali lako kwa uchungu, kwa sababu nimetunga mitihani miaka mingi na ninajua maana ya kupoteza rasimu wiki ya mwisho. Ndugu Fundi amezungumza vizuri kuhusu mashine. Mimi nitabaki kwenye nyaraka, kwa kuwa hapo ndipo utakapofaulu au kushindwa.

Programu utakayoitumia badala ya Word ni LibreOffice, iliyotoka kwenye OpenOffice mwaka 2010. Inafungua faili za docx na kuzihifadhi. Barua, mikataba, wasifu wa kazi na mitihani ya kawaida ya maswali na nafasi za kujaza hufunguka sawasawa. Panapovurugika, sababu ya kwanza huwa ni fonti. Nyaraka nyingi za Word zimeandikwa kwa Calibri au Cambria, ambazo ni mali ya Microsoft na hazimo ndani ya Linux. Kompyuta ikikosa fonti hiyo huchukua nyingine yenye herufi pana au nyembamba zaidi, mstari unasogea, swali la 10 linahamia ukurasa wa pili, na mwalimu anasema programu mbovu. Dawa yake inajulikana. Hakikisha fonti ziitwazo Carlito na Caladea zimesakinishwa. Zilichongwa makusudi ziwe na upana uleule wa Calibri na Cambria, herufi kwa herufi, na LibreOffice huzitumia yenyewe mahali pake. Kwa Times New Roman na Arial zipo Liberation Serif na Liberation Sans, nazo zina vipimo vilevile.

Sababu ya pili ni mpangilio wa visanduku vya maandishi na michoro iliyowekwa juu ya maandishi. Mtihani wa Jiografia wenye ramani, au wa Fizikia wenye mchoro wa saketi uliounganishwa kwa mistari mingi midogo, unaweza kufunguka huku mistari imetawanyika. Milinganyo ya Hisabati kwa kawaida hubadilishwa ikaingia kwenye mfumo wa LibreOffice, lakini ikague mmoja mmoja. Waombe walimu wakuletee pamoja na docx nakala ya PDF, ili uwe na kitu cha kulinganisha, na mtihani wowote uliokamilika uugeuze PDF kabla ya kuuchapa, kwa kuwa PDF haisogei.

Lakini jambo ninalotaka ulizingatie kuliko yote ni utaratibu wa kuhama. Usianze kwa kubadili mfumo endeshi. LibreOffice na Firefox zote mbili zinafanya kazi ndani ya Windows. Zisakinishe leo kwenye kompyuta hizohizo ulizonazo, na kwa mwezi mmoja wasichana wasifungue Word wala kivinjari kingine. Watalalamika juma la kwanza kwamba menyu haziko mahali pake. Juma la tatu watakuwa wamenyamaza. Hapo utakuwa umeshajua ni nyaraka zipi zinasumbua, na siku utakapoweka Linux watakuta programu zilezile walizozizoea, na kitakachokuwa kigeni ni mandhari tu. Nimewaona wengi wakibadili kila kitu kwa siku moja, na waliorudi nyuma karibu wote walishindwa na mambo madogo ambayo wangeweza kuyazoea polepole.

Nikuongezee jambo moja ambalo linanigusa kama mtu wa lugha. LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Ukiiwezesha, itakupigia mstari mwekundu chini ya «mwananfunzi» na makosa mengine ya namna hiyo kabla mzazi hajayaona. Kazi ya kuzipa programu hizi Kiswahili ina historia hapa kwetu, kwa maana mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice iliyotafsiriwa, ikaitwa Jambo OpenOffice. Iliwezekana kwa sababu programu huria haimzuii mtu kuifasiri kwa lugha yake, wala hahitaji kusubiri kampuni ione faida.

Karani wa Muheza

Nawasalimu wote, na shikamoo Mwalimu. Nakubaliana na mengi yaliyosemwa, ila ninaomba kutofautiana mahali pawili.

La kwanza ni kwamba hatujamuuliza dada kama ana programu yoyote inayofanya kazi ndani ya Windows peke yake. Mimi ni karani wa hesabu, na nilihamia Linux kwa furaha kubwa hadi mwisho wa mwezi uliofuata, nilipotakiwa kutoa ripoti kutoka kwenye programu ya uhasibu tunayoitumia ofisini. Haina toleo la Linux. Niliijaribu kwa Wine, ambayo ni njia ya kuendesha programu za Windows ndani ya Linux. Ikafunguka, ikakubali kuingiza takwimu, lakini ikakataa kuchapa ripoti, na ripoti ndiyo iliyokuwa inangojewa. Ilinibidi niazime kompyuta ya jirani. Vivyo hivyo majedwali ya Excel yenye makro nyingi, yaani amri zinazojiendesha zenyewe. LibreOffice huyaelewa kwa sehemu tu. Kwa hiyo, dada, chukua karatasi, na kwa juma moja andika kila programu inayofunguliwa dukani kwako. Maombi ya HESLB, Ajira Portal, BRELA na TRA hufanyika ndani ya kivinjari, kwa hiyo hayo usiyahofie. Kinachobaki nje ya kivinjari na nje ya Word ndicho cha kuchunguza. Ukikipata, iache kompyuta moja na Windows yake, iondoe kwenye intaneti, na uitumie kwa kazi hiyo tu.

La pili ni uchaguzi wenyewe. Mimi ninatumia Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, ikiwa na Xfce ileile, na kwa mtu wa bando ninaiona bora kuliko Mint. Programu za Debian hazibadilishwi hovyo katikati ya maisha ya toleo. Kinacholetwa kwa sehemu kubwa ni marekebisho ya usalama na ya makosa, na toleo hutunzwa kwa miaka mitano likihesabiwa pamoja na kipindi chake cha nyongeza. Kompyuta yangu niliyoiwasha jana inafanana kabisa na ile niliyoizima mwezi uliopita. Zamani ilisumbua kwa Wi-Fi kwa kuwa haikuleta programu za vifaa zisizo huria, lakini tangu toleo la 12 zimo ndani ya kisakinishi. Nakiri kwamba siku ya kwanza Mint humshika mgeni mkono zaidi.

Na kwa yeyote kati ya hizo mbili, kwa kuwa una mashine tatu chini ya dari moja, sakinisha programu iitwayo apt-cacher-ng kwenye mojawapo. Kazi yake ni kutunza kila kifurushi kinachopakuliwa, hivyo kompyuta ya kwanza ikishakileta kutoka mtandaoni, nyingine mbili huchukua nakala hiyo kwa waya wa ndani bila kugusa bando. Ili zigawane vifurushi vilevile, zote ziwe na mfumo mmoja na toleo moja, na hiyo pia ni sababu nzuri ya kutochanganya mifumo dukani.

Mwenye Steshenari, Ngamiani

Shikamoo Mwalimu, na nyote Mungu awalipe. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nijaribu kwanza, nisije na maswali matupu.

Nimewasha Mint kwa flashi kwenye laptopu na kwenye mojawapo ya zile za mezani. Kwenye laptopu Wi-Fi haikuonekana kabisa. Nilikaribia kukata tamaa, kisha nikaunganisha simu yangu kwa waya wa USB na kuiruhusu itoe intaneti, nayo ikakubali papo hapo; nikafungua kile kisimamia dereva, kikanionyesha dereva ya Wi-Fi inayokosekana, nikaipakua na Wi-Fi ikafanya kazi. Printa, ambayo ndiyo niliyoihofia, ilichapa baada ya kuichagua kwenye orodha.

Nimefungua mitihani kumi na minne ya mwaka huu. Kumi na moja ilifunguka kama ilivyo. Miwili ilisogea mistari, na baada ya kuweka fonti alizozitaja Mwalimu ikarudi mahali pake. Mmoja, wa Biolojia, wenye mchoro wa moyo na mishale ya kuonyesha sehemu, umetawanyika kweli, mishale imebaki pembeni na majina yamekaa juu ya mchoro, na huo nimeshindwa kuunyoosha.

Karani, nimeandika orodha kama ulivyoniagiza. Nje ya kivinjari na Word kuna programu moja tu, ya kutengenezea vitambulisho vya wanafunzi, na hiyo ni ya Windows. Nitaiacha kompyuta moja ya mezani kama ulivyoshauri.

Limebaki jambo moja ambalo sijalielewa, nalo ndilo lililonileta hapa. Nimesikia Linux haina virusi. Je, nitaweza kupokea flashi ya mteja yeyote bila hofu?

Fundi wa Chumbageni

Hongera dada, umefanya kazi ambayo wengi huiruka.

Kuhusu virusi, ni muhimu uwe na picha sahihi. Vile vinavyosumbua steshenari za hapa, hasa virusi vya shotikati, ni programu za Windows, na Linux haiwezi kuziendesha, kama vile kanda ya kaseti isivyoweza kuchezwa kwenye simu. Hivi ndivyo vinavyofanya: huyafanya mafolda ya mteja yafichike na kuweka mahali pake alama za shotikati, ambazo mtu akizibofya huviamsha virusi. Ukiifungua flashi hiyo ndani ya Linux utayaona mafolda yenyewe, kwa sababu Linux haiijali ile alama ya kuficha inayotumiwa na Windows. Wakati mwingine vitu vyote huwa vimesukumwa ndani ya folda moja isiyo na jina, ifungue, utavikuta. Yaani mteja anayekujia akilia kwamba flashi yake imekuwa tupu utaweza kumrudishia kazi zake, na hiyo ni huduma unayoweza kuitoa kwa haki.

Lakini mashine isiyougua inaweza kubeba. Ukinakili folda lenye faili la exe, vbs au lnk (aina za faili ambazo virusi vya Windows hujificha ndani yake) kutoka flashi moja kwenda nyingine, umempelekea mteja wa pili ugonjwa, na atakaporudi nyumbani kwenye Windows utamwamkia. Wafundishe wasichana wanakili nyaraka zinazohitajika tu, wasinakili flashi nzima. Ukitaka uhakika zaidi, ClamAV hukagua flashi na kutambua virusi vya Windows. Na ile kompyuta ya vitambulisho isipokee flashi ya mteja hata siku moja. Picha zipitie kwanza kwenye Linux.

Kuna tabia moja ya Linux ambayo lazima uijue kabla haijakutia hasara. Unaponakili faili kwenda kwenye flashi, mfumo unaweza kuonyesha kwamba umemaliza ilhali sehemu ya data bado iko kwenye RAM ikisubiri kuandikwa. Mtu akichomoa hapo, mteja anaondoka na faili bovu. Ni lazima kila mara mbofye alama ya kuondoa flashi kwa usalama, na msubiri hadi ujumbe useme inaweza kuchomolewa. Kwa duka lako hili lingewekwa kwenye karatasi ukutani.

Jambo la mwisho ni Timeshift, utakayoikuta ndani ya Mint. Iwashe, kwa sababu huhifadhi hali ya mfumo na kukuwezesha kurudi nyuma sasisho likiharibu kitu. Ila kwa mpangilio wake wa kawaida hainakili nyaraka zako. Mitihani inahitaji nakala yake yenyewe, kwenye diski ya nje, kila jioni.

Mwalimu Mstaafu, Raskazone

Kuhusu ule mtihani wa Biolojia: ufungue kwenye hiyo kompyuta itakayobaki na Windows, uuchague mchoro pamoja na mishale na majina yake yote, uvifunge viwe kitu kimoja, kisha uuhifadhi kama picha na kuirudisha ndani ya waraka. Baada ya hapo hautatawanyika tena popote utakapofunguliwa. Nitumie nao, mwanangu, niuangalie pamoja nawe.

Mwenye Steshenari, Ngamiani

Ahsante Mwalimu, nitakuletea kesho mchana pamoja na diski ya nakala. Nimeamua kuchukua Mint kwa laptopu na kwa kompyuta moja ya mezani, Karani anisamehe kwa kuiacha Debian yake kwa sasa. LibreOffice na Firefox nimeziweka leo kwenye Windows za zote tatu, na wasichana wamepewa mwezi mmoja. SSD nimeshaiagiza, na kipande cha RAM nimekitoa, kimeandikwa DDR3. Ndugu Fundi, nitakuja nacho Chumbageni Jumamosi asubuhi, na siku ya kusakinisha ningependa unielekeze huku nikibonyeza mwenyewe.